Aliyefungia Vicheko Kabatini

Mke wangu alitaka kucheka kabla ya kufa, na mtu mmoja akamnyima. Mtu huyo anaitwa Rugema. Jina lake naliandika wazi. Wakubwa hupenda majina yao yaandikwe kwenye mabango na kwenye mawe ya msingi, basi na hapa liandikwe.

Mimi ni Sebagabo, wa hapa Gisenyi. Shule niliishia darasa la tatu, na ninaposoma nakwenda kama mtu anayetembea pekupeku juu ya mawe ya volkano. Mwenye kusoma alikuwa mke wangu, Mukamusoni. Alizaliwa Goma, akakulia mtaa wa Birere huko huko, na akiwa msichana alicheza michezo ya kuigiza parokiani. Kila mara walimpa nafasi ya mume mlevi. Walimchora ndevu kwa masizi ya sufuria, na hadi uzeeni alijua kutembea kilevi kiasi kwamba wageni waligeuka kutazama. Miaka ishirini na tatu alinunua kabeji Busasamana, akavuka nazo mpaka kila asubuhi kwenda kuziuza Goma, na askari wa pande zote mbili walimjua kwa mzaha wake kabla ya kujua jina lake.

Ndipo ini likaharibika. Hospitali walituambia turudi nyumbani tukapumzike, neno wanalolitumia wakiwa hawana lingine. Wanakwaya walikuja. Majirani walikuja na uji na nyuso za matanga. Aliwashukuru wote. Walipotoka aliniambia amechoka na watu wanaomlilia na yeye bado anasikia.

"Papa Umuhire," aliniambia, kwa jina la binti yetu anayefanya kazi Kigali, "nitafutie kitu cha kuchekesha. Kitabu, mchezo, filamu, yote ni sawa. Zaburi nimeisha kuzisikia zote."

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sikujua kwamba kitu cha kuchekesha ni kigumu kupata kuliko dawa. Kwenye meza za vitabu pale sokoni nilikuta vitabu vya maombi, vya hesabu, na kimoja cha kufuga sungura. Mwalimu mmoja wa Mahoko, niliyeambiwa anacho kitabu cha vichekesho, alisema alimwazima shemeji yake mwaka wa mafuriko na hajakiona tena, wala shemeji hajamuona. Mtoto wa shangazi ya Mukamusoni, Diane, alituletea kutoka Goma kasha la kanda za michezo ya kuigiza ya zamani. Mukamusoni alitazama dakika kumi, akaanza kutamka maneno kabla ya waigizaji. Yote aliyajua. Akaniambia nizime, kwa sababu mtu hachekeshwi na jirani anayemjua hadi soksi.

Ndipo Diane akasema kuna Jumba la Kusoma, lile jipya kwenye barabara ya ziwani, na ndani yake kuna kabati zima la vitabu vya kuchekesha.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kabati lilikuwepo kweli, la kioo, refu kama mlango wa kanisa. Vitabu vimepangwa nyuso mbele, na bado vina nailoni zake. Kimoja kilinishika macho. Picha ya jalada ilionyesha mwanamume mnene aliyevaa koti na tai, amempanda mbuzi, lakini ameketi kinyume, uso wake unatazama mkia. Nikaweka kidole kwenye kioo nikikisoma kichwa chake herufi kwa herufi, ndipo Rugema akatokea nyuma yangu.

Rugema ndiye mkuu wa jumba. Alikulia Tanzania, akarudi na wazazi wake, na Kiswahili chake ni kile safi, cha redio. Hutembea mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Nilimueleza. Nilisema mke wangu ni mgonjwa wa kufa, nahitaji kitabu kimoja tu kwa wiki moja, nitaacha kitambulisho changu, niko tayari kuacha hata viatu.

"Ndugu yangu, vitabu hivi havijazinduliwa," alisema.

Nikamuuliza kitabu kinazinduliwa vipi. Akasema wageni watakuja, utepe utakatwa, picha zitapigwa.

"Kitabu kikisomwa kabla ya uzinduzi kinachoka," akasema. "Wageni waje wakute vitabu vimechoka? Rudi baada ya uzinduzi."

Wakati wote huo hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama alama ya kidole changu kwenye kioo. Akatoa leso mfukoni, akaifuta.

Hapa kwetu kila mkubwa ana mihigo yake, yaani mambo aliyoapa mbele ya waliomweka kwamba mwaka ukiisha yatakuwa yametimia. Rugema alikuwa ameahidi chama chake, kile kilichojenga jumba, kabati moja la vitabu vya kuchekesha kwa furaha ya familia. Kabati aliliahidi, na kabati likawepo. Kwamba vitasomwa hakuahidi, na mkubwa hafanyi ambacho hakipimwi. Nimeishi miaka sitini na moja chini ya wakubwa wa kila namna, na hilo ndilo pekee nililojifunza kwao.

Niliporudi nyumbani mikono mitupu, nilimsimulia Mukamusoni juu ya yule mtu wa mbuzi. Akafurahi kama mtoto. Tulikaa hadi jua likazama tukikisia kwa nini ameketi kinyume. Alisema labda anamkimbia mke wake na anataka kuona kama anamfuata. Halafu akasema hapana, labda ni mkubwa fulani, na amekaa hivyo ili asione anakoipeleka nchi. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata.

"We rudi kwake," akaniambia. "Umuambie nitakisoma na mikono iko safi."

Nikarudi. Uzinduzi ulikuwa umesogezwa mwezi uliofuata. Nikarudi mara ya tatu. Mlinzi akasema mkuu yuko kwenye mkutano. Nilisimama pale mlangoni na nikamsikia Rugema mwenyewe ndani, kwenye simu, akicheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko cha tumbo, bila kitabu, bila mchezo, bila kusaidiwa na mtu. Sijasahau sauti ile.

Kilichotusaidia kidogo ni Gisubizo. Huyu ni kijana mwenye kibanda cha filamu karibu na soko, na yeye ni msimulizi wa filamu za agasobanuye. Kwa asiyejua: wanachukua filamu ya ng'ambo, wanapunguza sauti, na msimulizi anasema juu yake kwa lugha yetu kila kinachotokea, na kila anayeongea anamwekea maneno kinywani. Wengine wanasimulia kwa Kinyarwanda. Gisubizo anasimulia kwa Kiswahili cha huku, kwa sababu wateja wake ni watu wa mpaka. Jambazi wa Ulaya anamwita jina la fundi baiskeli wa mtaa. Malkia anamfanya auze samaki. Alinijazia filamu kwenye flash, na Mukamusoni akacheka, si kwa ajili ya filamu bali kwa ajili ya Gisubizo.

Siku moja flash ilitupatia filamu ambayo Gisubizo hakuwa ameisimulia bado. Ilikuwa ya tajiri mmoja anayefuga bata na kuwalinda kwa bunduki. Lugha hatukuielewa. Nikazima sauti, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwekea yule tajiri sauti ya Rugema. "Ndugu bata, mwananchi asiwaguse, mtachoka." Niliona blanketi linatikisika. Nikaogopa, nikadhani ni degedege. Kumbe anacheka. Alicheka machozi yakamtoka, anashika ubavu kwa maumivu na bado ananipungia mkono niendelee.

Siku tisa nilimuweka Rugema katika kila filamu. Nilimfanya padri, nikamfanya mwizi, nikamfanya farasi. Siku ya kumi ilikuwa Jumatano, na asubuhi yake Mukamusoni hakuamka.

Na Jumamosi ya wiki ile ile wakazindua kabati lao. Sisi tuko uani matangani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani, na kutoka chini ya mlima vipaza sauti vinatuletea hotuba neno kwa neno. Nikamsikia Rugema akisema kwa Kiswahili chake safi kwamba jumba lake limerudisha kicheko katika familia za wilaya ya Rubavu. Wazee waliokaa nami waliinamisha macho. Mimi sikuinamisha. Nilisikiliza hadi mwisho, maana nilitaka kuijua sauti ile vizuri, kila inapopanda na inapovuta pumzi.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Gisubizo, nikamuomba anifundishe kazi yake. Alicheka, akaniuliza kama nimechoka kupumzika. Nilimwambia nina mtu mmoja ninayetaka kuwachekesha watu naye, nikamtajia jina, na sababu. Akaacha kucheka. Halafu akasogeza kiti cha pili.

Alinifundisha kwamba filamu huitazami mara moja, unaitazama mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Kwamba kinachoonekana usikiseme, watu wana macho. Kwamba wakianza kucheka uwaache, usiwakanyage juu ya kicheko chao. Nilijifunza karibu mwaka mzima. Nilibeba mizigo asubuhi pale mpakani, mchana nikaja kukaa kwenye kile kiti. Watu wakaanza kuniulizia. Waliniita Muzee wa Filamu, na baadhi walisema nimempita mwenye kibanda.

"We muzee," Gisubizo aliniambia siku moja, "unachekesha kama mutu anapiga mutu."

Nilimwambia ndivyo ilivyo.

Sikumfuata Rugema. Alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa kibanda, mikono nyuma, akisoma orodha ya filamu ukutani kama anayetafuta makosa. Jumba lilikuwa linatimiza mwaka tangu uzinduzi. Chama chake kilikuwa kimetengeneza filamu fupi juu ya kazi yake, yenye maneno ya Kifaransa, na wageni wangetoka makao makuu Kigali na wengine Goma. Tatizo lake lilikuwa watu wa mtaa. Mara zilizopita walitoka kabla ya mwisho, na safari hii idadi ya waliokaa hadi mwisho ilikuwa kwenye mihigo. Ameambiwa kwamba mimi nikisimulia watu hawatoki.

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Nilimpa nafasi. Mara tatu nilikuja kumlilia mtu huyu, na sasa alinitazama kama unavyotazama mlango. Hakunikumbuka hata chembe.

"Mzee, unaweza kutafsiri?" akaniuliza.

"Kazi yangu ni hiyo, shefu," nikasema.

Akanipa filamu yenyewe na karatasi mbili za maneno ya Kifaransa, akasema nifuate hivyo hivyo. Kifaransa changu ni cha kusalimia na cha kuomba msamaha kwa askari. Mkuu wa nyumba ya kusoma hakuuliza kama mtu anayempa karatasi anajua kusoma. Na kwenye banda la agasobanuye hakuwahi kukaa hata dakika moja maishani mwake, yeye aliona hayo ni mambo ya madereva wa moto, yaani pikipiki za abiria, na wauza mahindi. Alidhani msimulizi ni bomba tu, Kifaransa kinaingia huku, Kiswahili kinatoka kule.

Alipoondoka Gisubizo alinisihi. Alisema watamfungia kibanda, watasema yeye ndiye mwalimu wangu, na ana mke mwenye mimba ya pili. Nilimwambia nitasema pale pale kwamba sifanyi kazi kwake tena. Nikamrudishia ufunguo niliokuwa nao. Sikutaka pesa ya Rugema wala kazi yake. Nilitaka jambo moja: wale waliomweka kwenye kile kiti wamuone kama nilivyomuona mimi siku ile mbele ya kioo, na wamtoe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Watu walitoka moja kwa moja kwenye kazi ya kusafisha mitaro, na majembe yao, wakaingia jumbani. Wakavuta mapazia, chumba kikawa giza. Mbele waliketi wageni, na katikati yao Madamu Uwamahoro, mkubwa wa chama kutoka Kigali, mama mpana mwenye miwani, ambaye Rugema alimuinamia hadi tai ikagusa magoti. Nikakaa pembeni na kipaza sauti, nikaziweka zile karatasi chini ya makalio.

Filamu ikaanza kwa ziwa, kama kawaida yao. Nikawasalimu watu. Halafu akatokea Rugema ukutani, mkubwa kuliko mlango, anatembea mikono nyuma. Nikafungua mdomo na sauti yake ikatoka.

"Ndugu wananchi, mimi naitwa Rugema. Mikono yangu mnaiona iko nyuma. Iko nyuma ili isishike kazi."

Kisha mama mmoja nyuma akapasuka, na wote wakamfuata. Niliwaacha, kama nilivyofundishwa.

Rugema wa ukutani akafika kwenye kabati. Nilijua atafika. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara sita. Alisimama, akatoa leso, akafuta kioo polepole, maana mpiga picha alimwambia afanye hivyo ipendeze.

"Vitabu vyangu, mmeamkaje? Kuna mtu amewasoma? Hakuna? Vizuri sana. Kitabu kikisomwa kinachoka. Mwananchi akija na mikono yake, pigeni kelele, mimi niko hapa na leso."

Majembe yaligonga sakafu. Watu walikuwa wanashikana mabega. Vijana walikuwa wameinua simu zao juu wakirekodi. Nikamtazama Rugema wa kweli, amekaa kando ya Madamu, shingo imekuwa ngumu kama mti. Alinifanyia ishara ya mkono nikate. Nikamwekea maneno hata mkono ule: nikasema kumbe anawapungia, mpungieni na ninyi, na ukumbi wote ukampungia.

Kisha filamu ikaonyesha vitabu kwa karibu, na katikati yake yule mtu wa mbuzi. Hapo niliiacha sauti ya Rugema, nikasema kwa yangu. Nilisema palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mukamusoni, mnamjua, yule wa kabeji. Nilisema alikiomba kitabu hiki akiwa kitandani, mumewe akaja mara tatu, na mara tatu akarudi mikono mitupu, kwa kuwa vitabu havijazinduliwa. Nilisema alizikwa, na vipaza sauti vya uzinduzi tukavisikia tukiwa matangani. Nikasema mume wake ni mimi. Nikaweka kipaza sauti chini.

Mapazia yakafunguliwa. Madamu Uwamahoro alivua miwani, akafuta macho, na nikasema moyoni, sasa, mama, simama useme.

Alisimama. Akasema amezunguka nchi nzima na hajawahi kuona kiongozi mwenye ujasiri kama huu. Kiongozi anayekubali kuchekwa mbele ya wageni wake. Kiongozi anayewaletea wananchi mchezo wa kuchekesha na kuliza kwa pamoja, na kumpa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuigiza. Alimgeukia Rugema akamuuliza kama wazo hili lilikuwa lake.

Niliona jasho likishuka nyuma ya sikio la Rugema. Niliona akinitazama, na akimtazama Madamu, na akipima.

"Ni letu sote, Madamu," akasema. "Tulitaka kuonyesha changamoto."

Nikasema si mchezo. Nikasema tena, kwa nguvu, si mchezo, mke wangu amekufa kweli. Watu wa mtaa walijua, lakini mbele pale walikuwa wameanza kupiga makofi, na makofi ya wakubwa hayana masikio. Rugema akaja akanikumbatia. Alinibana sana, kamera zikawaka, na alikuwa anatetemeka kama kuku aliyelowa. Kabati, lililobaki limefungwa hata baada ya uzinduzi, likafunguliwa siku hiyo hiyo. Kitabu cha mbuzi mtu fulani alinishikisha mkononi, nikakiacha juu ya kiti. Msomaji wake hayupo. Rugema akapewa cheti cha uongozi bora.

Siku mbili sikula. Binti yangu Umuhire alipiga simu akaniuliza ni kweli nimeigiza. Walikuwa wamekichukua hata kifo cha mama yake wakakiweka kwenye ripoti, pamoja na picha. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimechukua malalamiko dhidi ya mkubwa nikampelekea mkubwa mwingine, kama mbuzi anayemshtaki chui kwa simba.

Lakini nilikuwa nimesahau zile simu za vijana.

Lile jambo la leso na kitabu kuchoka lilipita kutoka simu hadi simu, likavuka mpaka, likarudi kutoka Goma na muziki juu yake. Wakubwa walicheka mara moja wakaenda zao Kigali. Watu wa hapa hawakwenda popote. Rugema akisimamisha moto, dereva anafuta kiti kwa leso kwanza, anamwambia akae polepole, kiti kisichoke. Kwenye soko la Mahoko alishika parachichi, muuzaji akamwambia asilibonyeze, halijazinduliwa. Kanisani alipokwenda kusoma somo, alifungua Biblia na benchi zima la vijana likatoka nje likikimbia, limeziba midomo. Hakuna mtu aliyemtukana. Ukimtukana mkubwa unaitwa. Lakini ukifuta kiti chako kwa leso nani atakuita?

Mimi sikuongeza neno. Nilirudi kibandani kwa Gisubizo, ambaye hakufungiwa, maana ungemfungiaje mwalimu wa mtu aliyempatia mkuu wako cheti. Nilisimulia filamu zangu za majambazi. Nilisikia tu habari, na kila habari niliiota kama moto wa kuni wakati wa mvua.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Jumapili moja alasiri, mtu akabisha kwenye ua wangu. Alikuwa Rugema. Amekuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jeusi, kwa kuwa ameacha kupanda moto. Mikono yake ilikuwa mbele, moja inashika nyingine. Nilimpa kiti, yeye akasita kabla ya kukikalia. Hata kiti cha kwangu alikiogopa.

Sasa alinitazama usoni. Alizunguka sana kwa maneno yake safi. Alisema chama kimemtaka apeleke mfano wa jumba lake wilaya nyingine, na huko pia ameikuta ile video imemtangulia. Alisema wafanyakazi wake hawainui macho akiongea. Alisema hata mke wake, nyumbani, akimuona ananyoosha mto wa kochi, humwambia auache, utachoka, na kuanza kucheka.

"Anacheka vizuri?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mke wako."

Alifikiri. Alikuwa mtu aliyezoea kuulizwa mambo yenye majibu kwenye karatasi.

"Sana," akasema. "Anacheka hadi anakaa chini."

Kuku walikuwa wanaparua pale alipokuwa akianika mahindi Mukamusoni. Rugema akajikaza, akasema lililomleta. Watu wananisikiliza mimi. Neno lilitoka kinywani mwangu. Nikiwaambia basi, wataacha. Aliniomba niwaambie basi. Alisema anajua alikosea juu ya mama Umuhire, na akalitaja jina lake, Mukamusoni, akalitaja vizuri, bila kukosea.

Ukweli ni kwamba siwezi. Hakuna awezaye. Neno likishaingia kwa madereva wa moto na kwa wanawake wa sokoni, hata aliyelizaa hana ruhusa nalo tena. Ningesimama katikati ya soko nikapiga magoti, wangenipa leso. Nilijua hilo tangu wiki ya kwanza, na ningeweza kumwambia. Angalau angerudi nyumbani akijua kwamba ni kama mvua, haina mwenyewe, akajifunza kuishi nayo.

Sikumwambia. Nilimuacha aamini kwamba ufunguo uko kwangu.

"Nitafikiria," nikasema.

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema atapita tena nikishafikiria.

Amepita mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza nilimwambia bado nafikiria. Mara ya pili ilikuwa juzi, alinikuta uani ninakula viazi na maharage. Sikumwambia aketi, na yeye hakuomba. Alisimama pale kwenye jua akinisubiri, na mimi nikatafuna taratibu, kiazi kimoja, kisha kingine.